Mwanafunzi mwenye usonji na kazi za vikundi: nimwache afanye peke yake?

Chaki Nyeupe

Walimu wenzangu, poleni na majukumu. Nafundisha fizikia sekondari. Darasani nina binti mwenye usonji, hapa nitamwita Z. Wazazi wake walileta karatasi za daktari tangu mwanzo, kwa hiyo hapo sina swali. Akifanya kazi peke yake hana shida na mtu, na maswali anayamaliza kabla sijafuta ubao. Balaa linaanza nikitamka tu "kaeni kwenye vikundi".

Kipindi kilichopita tulikuwa na pendulumu. Uzi wa mita 1, jiwe mwishoni, unaliachia, unahesabu mabembeo 10 ya kwenda na kurudi, unasoma saa. Kikundi cha Z kina watu watano. Mwenye saa aliachia jiwe akasema "moja", likarudi akasema "mbili", hivyo hivyo hadi kumi, akabonyeza saa. Z akasema, "Mmehesabu tisa." Hakuna aliyemjibu. Akarudia kwa sauti ileile, "Mmehesabu tisa." Mmoja akamwambia anyamaze, wanaandika. Z akalidaka jiwe, akaling'ang'ania. Wakavutana, uzi ukakatika, binti akaingia chini ya meza, akaziba masikio na kubaki huko mpaka kengele ikalia.

Baadaye nafungua daftari la kikundi nakuta wameandika sekunde 18. Wenye somo lao wanajua: uzi wa mita 1 hutoa karibu sekunde 20 kwa mabembeo 10. Ukitamka "moja" wakati unaachia jiwe, ukifika kumi limekwenda na kurudi mara tisa tu. Binti alikuwa sahihi, kikundi kizima kikakosea.

Sasa wenzake hawamtaki, wanasema anawaharibia kazi. Mwalimu mwenzangu ananishauri nimpe meza yake ya pembeni yaishe. Lakini mradi wa muhula unafanywa kwa vikundi na una alama. Nikimlazimisha, naogopa yale ya chini ya meza yatakuwa ya kila kipindi. Msaidizi darasani sina. Mliopitia haya, mnafanyaje?

Meza ya Nyuma

Mkuu, mimi niko upande wa huyo mwenzako. Darasa limejaa, mtaala unakukimbiza, halafu uanze kusuluhisha ugomvi wa jiwe na uzi? Mpe kazi yake, mpe alama zake. Mbona wapo wasio na usonji wanaochukia vikundi na hakuna anayewaulizia? Mimi mwenyewe nilikuwa mmoja wao. Kwenye vikundi vingi anafanya mmoja, wengine wanasaini majina.

Fundi Kimya

Naomba nijibu nikiwa upande wa Z. Si mwalimu, nachora ramani za majengo, na nina usonji. Niliambiwa nikiwa mtu mzima, kwa hiyo shule nzima niliipita nikiitwa mkaidi.

Kwanza, lile la "akarudia kwa sauti ileile". Hapo ndipo kikundi kilipomkosa. Watu wengi wakitaka kusikilizwa wanapandisha sauti, wanagonga meza, wanamtazama mtu usoni. Z alikuwa na taarifa, akaitoa. Kwake yeye kazi ilikuwa imekwisha: kosa lipo, limetajwa, kinachofuata ni kulirekebisha. Walipoendelea kuandika, kwake ilikuwa wanaandika uongo kwa makusudi. Alivyolidaka jiwe hakuwa anafanya fujo. Alikuwa anazuia kosa lisirudiwe, kwa njia pekee iliyobaki.

Pili, kikundi kinapopewa kazi moja, sisi tunapewa mbili. Ya kwanza imeandikwa ubaoni: pima pendulumu. Ya pili haijaandikwa popote: nani anaanza kusema, nafasi ya kuingilia mazungumzo iko wapi, nani kaamua na kaamua lini, huyu anacheka nami au ananicheka. Nikiwa shule, nilipomaliza kuipanga sentensi yangu kichwani wenzangu walikuwa wameshahamia jambo la tatu. Nikiisema, wanashangaa narudi nyuma. Nisipoisema, "huyu hachangii". Juu ya hapo kuna kelele za vikundi vyote chumbani, ambazo masikio yangu hayazipangi kwa umuhimu. Kiti kinachoburuzwa meza ya mbali kinaingia sawasawa na anayeongea nami.

Kwa hiyo ukiuliza "nimlazimishe azoee?", swali langu ni azoee ipi kati ya hizo kazi mbili. Ya kwanza anaiweza kuliko wote mezani. Ya pili huwezi kumzoesha mtu kitu ambacho hakuna aliyewahi kumwambia kipo. Iandikeni.

Kuna mtafiti wa Uingereza, Damian Milton, naye ana usonji. Mwaka 2012 aliandika kwamba kutoelewana kati yetu na wengine kunatoka pande zote mbili: sisi tunashindwa kuwasoma ninyi, na ninyi mnashindwa kutusoma sisi, ila anayepelekwa kufundishwa ni mmoja tu. Mwaka 2020 Catherine Crompton na wenzake wakalipima jambo hili. Waliwapanga watu kwa minyororo ya wanane, wa kwanza anasimuliwa hadithi, anampa wa pili, hadi wa mwisho. Mnyororo wa wenye usonji watupu ulihifadhi hadithi vizuri sawa na wa wasio na usonji watupu. Uliochanganywa ndio uliopoteza zaidi. Niwe mkweli: jaribio kubwa zaidi la mwaka 2025 halikukuta tofauti hiyo hata kwenye michanganyiko. Lakini yote mawili yanakubaliana kwamba wenye usonji wakiwa wao kwa wao habari inafika. Kama tusingejua kuwasiliana, isingefika. Kwa hiyo wale wanne nao wana la kujifunza, na ni dogo tu: mtu akisema namba yetu ina kosa, tunapima tena kabla ya kubishana.

Tatu, na hili nakuomba sana: akiwa chini ya meza mwache. Usimsemeshe sana, usiwalete wenzake wamwombe msamaha kwa mstari. Punguza sauti ya chumba kama unaweza, mwambie sentensi moja, "uko salama, ukiwa tayari kiti kipo", ondoka. Kumuuliza "kwa nini umefanya hivi" pale pale ni kumwongezea mzigo wakati maneno yenyewe yameshamkimbia.

Elimu Jumuishi

Fundi Kimya, umenirahisishia. Mwalimu Chaki, mimi nimekaa kwenye elimu jumuishi muda mrefu, nikupe namna ninavyopanga, uchukue kinachokufaa.

Anza na mpango unaotumika kwenye tiba ya LEGO, yale matofali madogo ya plastiki ya kuchezea, ilianza kwa mwanasaikolojia Daniel LeGoff, akaandika matokeo yake mwaka 2004. Watoto watatu, kazi moja ya kujenga. Mmoja ni mhandisi: anashika mchoro lakini hagusi tofali. Wa pili ni mgavi: anatafuta na kutoa matofali anayoambiwa. Wa tatu ni mjenzi: anaunganisha, ila mchoro hauoni. Hakuna anayeweza kumaliza bila kusema na mwenzake, na kila mmoja anajua anapaswa kusema nini na kwa nani. Baadaye wanabadilishana. Mazungumzo yanazaliwa na kazi yenyewe, huhitaji kumwambia mtoto "changamka na wenzako".

Pendulumu inakubali mpango huo kama imetengenezewa. Mmoja anasoma hatua. Mmoja anaachia jiwe. Mmoja ana saa. Mmoja anahesabu. Z mpe ukaguzi, na ukaguzi uwe wa kweli: hakuna namba inayoingia kwenye jedwali kabla mkaguzi hajaweka alama ya vema. Nasisitiza uwe wa kweli kwa sababu nimeona walimu wakimpa mtoto mwenye usonji cheo cha kugawa karatasi, halafu kikundi kinaendelea bila yeye. Watoto wanang'amua mara moja nani kapewa kazi na nani kapewa kitu cha kumshughulisha.

Idadi nayo. Watano ni wengi mno kuanzia. Anza na wawili, Z na mwenzake mmoja asiye na maneno mengi. Wakishazoeana, unganisha jozi mbili. Na ukishapata mchanganyiko unaofanya kazi, usiuguse muhula mzima. Najua tunafundishwa kuchanganya vikundi ili watoto wajuane, ila kwa Z kila kikundi kipya ni kuanza upya kusoma sura, sauti na tabia za watu wote mezani, na nguvu anayoitumia hapo inatoka kwenye fizikia.

Habari za kikundi azipate siku moja kabla: nani, meza gani, nani anafanya nini, na "tumemaliza" maana yake nini. Hilo la mwisho tunalisahau. "Jadilini" haina mwisho, lakini "andikeni vipimo 3 na wastani wake" ina mwisho. Meza yake iwe ukutani, mbali na mlango unaofunguliwa kila saa. Akiwa na vikinga masikio, avivae bila kuombea ruhusa.

Kabla hawajafungua mdomo, wape wote dakika mbili za kuandika kimya. Inawasaidia hata wasio na usonji wanaochelewa kusema. Mary Budd Rowe, aliyechunguza vipindi vya sayansi Marekani miaka ya 1970, aliona walimu wakiuliza swali husubiri kama sekunde 1 tu kabla ya kumrukia mwingine au kujijibu. Wakivumilia sekunde 3 au zaidi, majibu yanarefuka na wanaojibu wanaongezeka. Vikundi vya watoto vina haraka kuliko walimu.

Halafu weka kanuni moja ya ugomvi kwa darasa zima, bila kumtaja Z: yeyote akisema "tupime tena", kikundi kinapima tena mara moja bila mjadala. Kipimo cha pendulumu kinachukua sekunde 20. Kuvutana jiwe kulikula kipindi.

Ndugu Meza ya Nyuma, hoja yako kwamba vikundi vingi ni mmoja anafanya wengine wanasaini, nakubaliana nayo kabisa. Ndiyo sababu ya kugawa majukumu. Hao waliokuwa wanasaini watakuwa wa kwanza kulalamika.

Mama wa Kwanza Kufika

Mimi ni mzazi tu, nimeona niseme machache. Wangu akitoka shule siku ya kazi za vikundi analala na viatu, hali, hasemi. Mwalimu ananiambia "leo alikuwa mzuri sana, alikaa na wenzake akitabasamu". Tabasamu hilo huwa ameshalifanyia mazoezi kwenye kioo. Kwa hiyo walimu, kutulia kwake msikuchukulie kuwa mambo ni shwari. Muulizeni kwa maandishi, atawajibu ukweli.

Na tafadhali, msiwaeleze wanafunzi kwamba mtoto fulani ana usonji mkidhani mnamsaidia aeleweke. Hilo ni la kwake na la kwetu kuamua. Wangu alikubali kwa masharti, akaandika mwenyewe ya kusomwa na akachagua nani ayasikie.

Chaki Nyeupe

Nimerudi. Asanteni wote, dada Mama wa Kwanza nimekusikia pia. Nilimwandikia Z karatasi yenye maswali machache, akaijaza kurasa mbili. Kumbe tatizo kubwa hata kuliko kuhesabu lilikuwa wenzake kushika uzi kwa vidole vyenye wino.

Nimeanza na jozi. Nimemweka na kijana mmoja mpole, hana maneno. Kila jozi ina kadi yenye majukumu na hatua, na kanuni ya "tupime tena" iko ubaoni kwa wote. Z ni mkaguzi. Cha kushangaza, vikundi vingine ndivyo vilivyoitumia kanuni zaidi. Kuna meza moja ilikuwa inahesabu kuanzia moja vilevile, wakagunduana wenyewe. Sasa darasa zima linasema "sifuri" wakati wa kuachia jiwe, kwa kelele, kama mchezo.

Ila nimepata tatizo jipya. Mkaguzi hapitishi! Wakipima wanapata 20.13, wakirudia 19.98, wakirudia 20.21. Z anasema vipimo havilingani, kwa hiyo kuna kosa, kwa hiyo tupime tena. Mwenzake ni mvumilivu lakini naye ana mwisho. Kengele imelia jedwali likiwa na mstari mmoja wenye vema.

Meza ya Nyuma

Nilisema mimi. Umempa rungu.

Fundi Kimya

Hapana, kampa kazi isiyo na kikomo. Umemwambia akague, hukumwambia kosa linaruhusiwa kiasi gani. Mtu mwingine atakisia, "aah, zinakaribiana, twende". Neno "zinakaribiana" mimi halinisaidii. Zinakaribiana kwa kiasi gani? Nani kakiweka? Kazini kwangu kila kipimo kina nafasi ya kukosea iliyoandikwa kwenye mchoro, na ikiandikwa nalala usingizi.

Mpe sababu na umpe namba. Sababu: kidole cha binadamu kinachelewa. Kati ya jicho kuona jiwe limerudi na kidole kubonyeza saa kunapita kama sekunde 0.2, na ucheleweshaji huo haufanani kila mara. Saa inaonyesha mia za sekunde, kidole hakizijui. Kwa hiyo 20.13 na 19.98 hazipingani hata kidogo, ni kipimo kilekile kimechukuliwa na mkono wa mtu. Namba: andika kwenye kadi, "vipimo vitatu vikitofautiana kwa chini ya sekunde 0.5, chukua wastani, weka vema". Akipata 18 na 20, hapo ana haki ya kukataa, na safari hii kadi yenyewe iko upande wake.

Usimwambie "usiwe mkali sana". Ataondoka akijua amekosea na hajui wapi.

Elimu Jumuishi

Naunga mkono, na niongeze: kadi itaje vitu vya kukaguliwa, na visizidi vitatu. Hesabu imeanzia sifuri. Kizio kimeandikwa. Tofauti iko ndani ya 0.5. Kisichokuwa kwenye kadi, mkaguzi anaweza kukiandika pembeni kama maoni lakini hakizuii vema. Wino kwenye uzi uende huko kwenye maoni, ingawa kwa kweli na mimi ningewaambia wanawe mikono.

Jukumu lizunguke pia, polepole. Kipindi kimoja Z awe na saa na mwenzake akague kwa kadi ileile. Akikaguliwa kwa masharti aliyokuwa anayatumia yeye, hakuna cha kubishania.

Kuhusu alama za mradi ulizouliza mwanzo, gawanya. Sehemu moja kwa matokeo ya kikundi, sehemu kubwa kwa kile ambacho kila mtu ameandika juu ya jukumu lake: nilifanya nini, niliona nini, ningebadilisha nini. Kuwasilisha mbele ya darasa kusiwe lango pekee la kupata alama. Anayetaka kuongea aongee, anayetaka kuchora bangokitita achore na jina lake liwe juu yake. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu wa 2006, ibara ya 24, unadai marekebisho ya namna hii shuleni, kwa hiyo mkuu wa shule akihoji huombi fadhila. Na vipo vipindi ambavyo Z atafanya peke yake, navyo ni sawa. Mwambie mapema ni vipi, asiwe anasubiri kila siku kujua leo ni ipi.

Chaki Nyeupe

Hilo la kidole nimelipeleka leo. Nilimpa Z saa, nikamwambia ajaribu kuiwasha na kuizima haraka awezavyo, arudie, aandike. Alikaa nalo muda wote wa mapumziko, akarudi na jedwali lake mwenyewe na swali: kama kidole kinachelewa wakati wa kuwasha na kinachelewa wakati wa kuzima, je, havifutani? Swali hilo sijawahi kuulizwa na mwanafunzi yeyote. Nimemwambia vinafutana kwa sehemu, kinachobaki ni ile tofauti ya kila mara, na kipindi kijacho darasa zima litaijadili. Dakika mbili za kuandika kwanza.

Kadi mpya ina mistari mitatu na ile 0.5. Ameisoma, akaongeza koma moja niliyoisahau, akaweka vema.

Meza ya Nyuma

Basi itume hiyo kadi hapa tuione. Nina mmoja kwangu, sijui kama ni usonji au ni nini, wazazi hawajasema kitu. Ila vikundi na yeye ni vita, na kesho nina jaribio la kuchuja maji.

Elimu Jumuishi

Usimtafutie jina, hiyo si kazi yetu. Kadi inafanya kazi bila jina. Kwa kuchuja maji: msomaji, mmiminaji, mwenye saa, mkaguzi. Andika "tumemaliza" ni maji kiasi gani na yawe meupe kiasi gani, ukiweka glasi ya mfano mezani walinganishe. Leo jioni mwambie yuko na nani.